Je, Papa Haugui?

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kuambiwa papa ni nani. Harufu ya papa ng'onda humtangulia mchuuzi njiani kabla hajaonekana mwenyewe. Ziko nyumba ambamo mchuzi wake wa nazi huliwa kwa furaha, na nyumba nyingine ambamo hata jina lake halitajwi wakati wa chakula. Mimi ni wa nyumba zile za kwanza. Lakini leo sikukusudia kuandika habari za mchuzi.

Mwaka juzi mwalimu mmoja, rafiki yangu tangu tulipokuwa chuoni, alinijia jioni naye amechukua kopo mkononi. Alilifungua akanionyesha unga mweupe uliofifia, wenye harufu niliyoijua mara moja. "Mwalimu mwenzangu," akaniambia, "wewe umezaliwa kwa wavuvi ukakulia kwa wavuvi. Niambie kweli: je, papa haugui?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Dada yake mkubwa alikuwa ameona uvimbe katika titi la kushoto. Hospitali walimpima mara ya kwanza, wakamwagiza arudi ili kipande kidogo cha uvimbe kitolewe na kuchunguzwa. Katika siku hizo za kungoja akatokea mtu mmoja mwenye kuuza dawa, akawaambia ya kuwa papa ndiye mnyama asiyepatwa na saratani kamwe, na ya kuwa nguvu yake imo katika mifupa yake. Basi anywaye unga wa mifupa ile naye hupona. Kopo moja lilimla rafiki yangu karibu nusu ya mshahara wake, nao walitakiwa kununua sita. Dada akaona heri amalize kwanza makopo, ndipo arudi hospitali, maana aliogopa kisu.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba dada asingoje, kopo liwe kweli au liwe uongo, kwa kuwa uvimbe haungoji mtu. Lakini swali lake lilinikera. Nimekula papa tangu utoto, nimewaona wakipasuliwa ufuoni, wala sikupata kujiuliza kama mnyama yule ana maradhi. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyevua papa kwa jarife tangu ujana wake, nikamwamkia na kumwuliza. Alicheka sana. "Mwanangu," akasema, "papa akiugua atamwambia nani? Sisi hukutana naye siku ya kufa kwake tu."

Neno lile la mzee nalilitia moyoni, na kadiri nilivyoendelea kusoma na kuuliza kwa watu wenye elimu, ndivyo nilivyoona ya kuwa alikuwa amegusa kiini cha jambo.

Kwanza tumwangalie papa mwenyewe. Yeye si kama changu au kolekole. Hana mfupa hata mmoja; mwili wake wote umeshikwa na gegedu, yaani kitu kile kigumu chenye kunyumbuka ambacho sisi tunacho katika masikio na ncha ya pua. Ini lake ni kubwa mno, limejaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo sifa, ambayo wazee wetu waliyapaka majahazi ili mbao zisiharibike upesi. Tena damu yake na nyama yake zina wingi wa yurea, kitu kile kile ambacho mwili wetu hukitoa katika mkojo. Papa hukihifadhi ili chumvi ya bahari isimkaushe. Akifa, vijidudu huigeuza yurea hiyo kuwa amonia, nayo ndiyo harufu ile inayotugawanya sisi watu wa pwani mezani. Msomaji aikumbuke harufu hiyo, maana tutairudia.

Sasa, uvumi huu kwamba papa haugui ulitoka wapi? Hapo nilistaajabu, kwa sababu haukuanza kwa mlaghai. Ulianza kwa kazi njema kabisa. Mwaka 1971 tabibu mpasuaji wa Boston huko Marekani, jina lake Judah Folkman, aliandika ya kuwa uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita ukubwa wa kichwa cha pini usipojipatia mishipa yake ya damu ya kuuletea chakula. Basi, akafikiri, tukiweza kuizuia mishipa ile, uvimbe utashinda na njaa. Wakatafuta kitu gani mwilini huzuia mishipa ya damu isiingie, na mara wakaona gegedu, maana gegedu halina mishipa ya damu ndani yake. Mwaka 1975 Folkman na mwenzake Henry Brem walionyesha kwamba kipande cha gegedu la mtoto wa sungura, kikiwekwa karibu na uvimbe, huipunguzia mishipa nguvu ya kukua. Ila gegedu la mnyama wa nchi kavu ni kidogo. Nani aliye na gegedu tele? Ni papa. Mwaka 1983 Anne Lee na Robert Langer walitoa katika gegedu la papa kitu chenye kazi ile ile.

Mpaka hapo hapana uongo. Lakini ona jinsi maneno yanavyokua yakitoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Kitu kilichotolewa katika gegedu kwa ustadi, kikasafishwa, kikawekwa kando ya uvimbe wenyewe, kikageuka kuwa unga wa kunywa. Mwaka 1992 William Lane alitoa kitabu huko Marekani ambacho maana ya jina lake ni kwamba papa hawapati saratani. Mwaka uliofuata habari ikatangazwa katika televisheni, na biashara ya unga ikawaka kama moto wa makuti. Lililonishangaza zaidi ni hili, kwamba ndani ya kitabu mwandishi mwenyewe alikiri ya kuwa wako papa wachache wanaopata saratani, ila jina la namna hiyo lisingependeza juu ya jalada! Watu wengi walisoma jalada tu.

Wataalamu hawakudharau neno lile, walilipima. Na jinsi ya kupima dawa yafaa tuijue sisi tulio walimu, ili tuweze kuwafundisha wengine. Wagonjwa hugawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa, la pili hupewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na kazi, wala mgonjwa hajui yeye amepewa kipi, hata na tabibu wake hajui, ili matumaini yao yasiipendelee dawa. Kisha huhesabiwa waliopona na waliokufa. Mwaka 2005 zilitangazwa habari za wagonjwa 83 wa saratani ya titi na ya utumbo mpana, ambayo ilikuwa imekwisha kuenea mwilini. Waliokunywa unga wa papa hawakuishi zaidi ya wenzao, wala maisha yao hayakuwa mepesi zaidi. Na wengi hawakuweza hata kuendelea kuunywa. Mwaka 2010 yakatoka majibu mengine, ya wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu, waliopewa maji ya dawa yaliyotengenezwa kwa gegedu la papa pamoja na matibabu ya kawaida. Hapo pia hapakuonekana faida yo yote.

Kwa nini? Mtu aweza kuona sababu moja bila kuwa na maabara. Gegedu ni chakula, kama nyama ilivyo chakula. Likifika tumboni husagwa na kuyeyushwa vipande vipande; haliendi zima zima mpaka titini likasimame penye uvimbe kama askari wa zamu. Mtu akila ubongo wa mbuzi hapati mawazo ya mbuzi. (Rafiki yangu alipolisikia neno hili alicheka, lakini dada yake hakucheka, nami nikajuta kulisema mbele yake.)

Na huyu papa asiyeugua? Mwaka 2004 Gary Ostrander na wenzake walichapisha orodha ya uvimbe uliokutwa katika papa na jamaa zao kama taa, uliokuwa umehifadhiwa kwa miaka mingi, na katika hao walikuwamo papa waliokuwa na saratani. Mwaka 2013 katika bahari ya kusini mwa Australia ikaandikwa habari ya papa mkubwa mweupe mwenye uvimbe mkubwa mdomoni. Ni wangapi wengine walio hivyo? Hapa ndipo neno la yule mzee lilipo. Papa mgonjwa haji hospitali. Akidhoofika huliwa na wenzake, au huzama kilindini asionekane. Kutoonekana kwa wagonjwa si dalili ya afya.

Basi rafiki yangu akaniuliza tena, na hili lilikuwa swali zuri kuliko la kwanza: "Je, bahari haina dawa yo yote ya kutufundisha?" Inayo. Lakini ili tuielewe yatupasa turudi nyuma, tuanze kwa mnyama mdogo kuliko papa, ambaye watoto wetu humwokota maji yakitoka, yaani kiti cha pweza.

Mwezi wa Desemba mwaka 1882, mtaalamu mmoja aliyezaliwa karibu na Kharkiv, Ilya Metchnikoff, alikuwa anakaa Messina katika kisiwa cha Sicilia, baada ya kuacha kazi yake ya ualimu Odessa. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama nyani waliofunzwa michezo, yeye akabaki nyumbani na darubini yake ya kuonea vitu vidogo. Alikuwa akiwatazama watoto wa kiti cha pweza, ambao wakiwa wadogo huwa wangavu kama maji, hata mtu aweza kuona chembe zinazotembea ndani ya mwili wao. Ghafula wazo likamjia: labda chembe hizi zinazotembea ndizo zinazoulinda mwili na adui aingiaye. Kama ni hivyo, mwiba ukichomwa katika mnyama huyu, chembe zitaukimbilia. Akatoka bustanini, mahali ambapo siku chache tu kabla ya hapo walikuwa wamepamba mchungwa mdogo kuwa mti wa Krismasi wa watoto, akachuma miiba ya waridi, akaipenyeza chini ya ngozi ya wale viumbe wangavu. Usiku ule hakupata usingizi. Alfajiri akatazama, akaona chembe zimeuzunguka mwiba pande zote, zikijitahidi kuumeza.

Msomaji amepata kuchomwa na mwiba, akaona usaha siku ya pili. Usaha ule ni chembe nyeupe za damu zilizokwenda kupigana, nyingi zikafa. Jambo hilo ambalo kila mama analijua kwa macho, maana yake ilipatikana katika mnyama wa bahari asiye na damu nyekundu wala ubongo. Mwaka 1908 Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel, akagawana na Paul Ehrlich wa Ujerumani. Na huyo Ehrlich alishika upande wa pili wa kweli. Yeye alisema ulinzi hauko katika chembe peke yake. Umo pia katika maji ya damu, ambamo mna vitu vidogo mno vinavyomshika adui mmoja mmoja kwa umbo lake. Vitu hivyo siku hizi twaviita kingamwili. Mtoto akichanjwa surua, mwili wake hujifunza kutengeneza kingamwili za surua, nazo hazimshiki mwingine.

Sasa tumrudie papa. Kiti cha pweza hana kingamwili. Katika wanyama walioko leo, papa na jamaa zake ndio ukoo wa kale kuliko wote wenye kingamwili za namna yetu. Ukoo wao umekuwako baharini zaidi ya miaka milioni 400. Hana uboho wa kutengenezea damu, maana hana mifupa, lakini ana wengu kama sisi, na viungo vingine vya pekee vinavyofanya kazi ya uboho. Kingamwili ya mtu ina umbo la panda ya manati: minyororo miwili mirefu na miwili mifupi, na kwenye ncha mbili za panda ndipo inapomshikia adui. Mwaka 1995 Martin Flajnik na wenzake walionyesha katika damu ya papa mmoja mpole, apendaye kulala juu ya mchanga, kingamwili nyingine isiyo na minyororo mifupi kabisa. Kila ncha yake ni ya mnyororo mmoja tu, nyembamba. Ikikatwa peke yake, uzito wake haufikii sehemu ya kumi ya kingamwili yetu. Kwa hiyo huweza kuingia katika nyufa za adui ambamo yetu haipiti, kama kidole cha mtoto kinavyoingia katika mdomo wa chupa ambamo kidole cha baba hukwama.

Jambo la ajabu ni kwamba miaka miwili kabla ya hapo, yaani 1993, Raymond Hamers na wenzake wa Brussels walikuwa wamekuta kitu kinachofanana nacho katika damu ya ngamia. Mnyama wa jangwa na mnyama wa bahari, wala hawakurithiana kitu hicho. Kila mmoja alikifikia kwa njia yake. Na njia ya ngamia imekwisha kufika hospitalini: mwaka 2018 Ulaya iliruhusu dawa iitwayo caplacizumab, kwa ugonjwa wa damu kuganda ovyo, nayo ilitokana na llama, jamaa ya ngamia aliyeko Amerika ya Kusini.

Na ile harufu niliyosema tutairudia? Yurea, ikiwa nyingi, huharibu vitu vingi vya mwilini vilivyo kama kingamwili, huvikunjua umbo lake. Kingamwili ya papa huishi ndani ya damu iliyojaa yurea siku zote, na wataalamu wameiona kuwa imara mno, hata joto huivumilia kuliko yetu. Dawa isiyoharibika upesi, kwa nchi yenye jua kama letu na zahanati zisizo na barafu, ni jambo la kutamaniwa. Mwaka 2021 watu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, pamoja na Aaron LeBeau, walitangaza ya kuwa ncha za kingamwili ya papa zilikishika kirusi cha korona zikakizuia kisiingie katika chembe za mtu, huko maabara. Lakini nasema kwa makini, maana nimekwisha kuona maneno yanavyokua: hiyo ni maabara. Bado haijatoka dawa ya kingamwili ya papa ya kuwapa wagonjwa hospitalini.

Liko na jaribio jingine la papa ambalo safari yake imekuwa ngumu. Michael Zasloff wa Marekani alikuwa akiwapasua vyura wa Afrika ya Kusini ili kutoa mayai yao kwa uchunguzi, akiwashona na kuwarudisha katika maji yasiyo safi, na vidonda vyao vikapona bila usaha. Akatafuta sababu, na mwaka 1987 akaandika juu ya vitu katika ngozi yao viuavyo vijidudu. Akaviita kwa neno lililotoka katika Kiebrania, lenye maana ya ngao. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakakuta kwa papa mdogo mwenye miiba miwili mgongoni kitu kingine kiuacho vijidudu, wakakiita skwalamini. Na mwaka 2011 wakaonyesha ya kuwa kinazuia hata virusi kadhaa. Hata hivyo matone ya macho yaliyotengenezwa kwa kitu hicho, kwa wazee wanaopotewa na nuru, yalijaribiwa, na mwaka 2018 yakaonekana hayakuleta faida iliyotarajiwa. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Tena skwalamini hutengenezwa maabara bila kumvua papa, na kingamwili ya papa hutengenezwa na vijidudu au hamira iliyofundishwa. Papa mwenyewe hutolewa damu kidogo akarudi majini. Unga wa gegedu ndio unaotaka papa afe. Naye papa si dagaa wa kuzaa maelfu. Yule mdogo mwenye miiba hubeba mimba karibu miaka miwili. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilisema papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, na sababu kubwa ni kuvuliwa kupita kiasi. Mzee yule wa jarife hakuhitaji hesabu hiyo. Aliniambia ya kuwa baba yake alikuwa akirudi na papa kwa siku moja wengi kuliko anaopata yeye kwa mwezi wa kaskazi.

Dada wa rafiki yangu alirudi hospitali alipokuwa amemaliza kopo la pili. Kipande kilitolewa, kikapimwa, ikawa ni saratani kweli. Na tabibu alisema uvimbe umeongezeka tangu siku ile ya kwanza. Alikatwa titi, kisha akatiwa dawa mshipani miezi kadhaa, nywele zikamtoka, zikaota tena. Makopo manne yaliyosalia hayakununuliwa. Mwezi uliopita nilimkuta sokoni, amesimama mbele ya meza ya samaki, akibishana na mchuuzi juu ya bei ya papa ng'onda. Nikamwamkia. Akaniambia nimwongezee sauti, maana mchuuzi yule ni mtu wa kijijini kwetu, naye kipande kile anakitaka kwa mchuzi wa jioni.